Wayahudi Walipinga: Barua ya Wazi kwa Wanaoandaa Mitaala ya Historia

Kwa: Wakuza mitaala na waandishi wa vitabu vya Historia vya sekondari, Tanzania na nchi jirani

YAH: MAUAJI YA KIMBARI YA WAYAHUDI KATIKA VITABU VYETU

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Historia hapa Arusha. Kitabu ninachofundishia kinawapa Wayahudi aya moja ndani ya mada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Hitler anaingia madarakani mwaka 1933, anawachukia, watu milioni sita wanauawa, vita vinakwisha. Hakuna uongo hapo. Lakini isomeni aya hiyo tena mkiangalia nani anatenda nini, mtaona kwamba Wayahudi hawafanyi jambo hata moja. Wanachukiwa, wanakusanywa, wanasafirishwa kwa treni, wanauawa. Ikifika 1945 wanatoweka kabisa kitabuni, kana kwamba hakubaki mtu aliyehitaji kula na kulala kesho yake.

Kila mwaka nikifika hapo mkono unanyooka. "Mwalimu, mamilioni wote hao, kwa nini hawakupigana?" Mtoto haulizi kwa ubaya. Kitabu ndicho kilichompa swali, halafu kikamwachia mwalimu jibu ambalo hakikuliandika. Ninachowaomba ni kwamba jibu liwemo kitabuni, pamoja na maisha ya walionusurika.

Wala wanafunzi wangu si wa kwanza kuuliza. Mwaka 1961, Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyesimamia kusafirishwa kwa Wayahudi kwenda kuuawa, aliposhtakiwa Jerusalem, mwendesha mashtaka Gideon Hausner aliwauliza hivyo hivyo mashahidi walionusurika. Mmoja wao alikuwa Moshe Beisky, aliyekuwa mfungwa kambi ya Płaszów, karibu na Kraków, kabla ya kuokolewa pamoja na wafanyakazi wa Oskar Schindler, Mjerumani mwenye kiwanda aliyewakinga Wayahudi wasiuawe. Beisky alieleza jinsi wafungwa walivyopangwa mstari kutazama mvulana akinyongwa. Hausner akamwuliza: mlikuwa 15,000 mbele ya mamia ya walinzi, mbona hamkuwarukia? Beisky alijibu kwamba hata baada ya miaka yote ile hakuweza kuieleza hofu waliyokuwa nayo. Kisha akasema jambo ambalo ningependa liwe kwenye kila kitabu. Jirani yao kulikuwa na kambi ya Wapolandi. Hao makwao palikuwa hatua chache tu kutoka kambini, ila hakumbuki hata mmoja aliyetoroka. Sasa Myahudi mwenye nguo zenye alama za ufungwa angekimbilia wapi, na nani angemfungulia mlango? Beisky huyo baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Israel, na kwa miaka mingi aliongoza kamati inayowatambua watu wasio Wayahudi waliohatarisha maisha yao kuwaokoa Wayahudi.

Anayeuliza kwa nini hawakupigana afahamishwe pia kwamba zaidi ya wanajeshi milioni tatu wa Kisovieti walikufa mikononi mwa Wajerumani wakiwa mateka. Hao walikuwa vijana waliofunzwa vita, wengi wao hawana mke wala mtoto pale kambini, na bado maasi yao yalikuwa machache. Afahamishwe vilevile yaliyotokea Amsterdam, Februari 1941. Baada ya vijana wa Kiyahudi kupambana na Wanazi mitaani, Wajerumani walikamata wanaume wapatao 400 na kuwapeleka kambini, na karibu wote walikufa. Aliyepiga ngumi moja hakuadhibiwa peke yake. Aliadhibiwa pamoja na mtaa wake wote. Ukiwa na mama mzee na mdogo wako wa miaka sita ndani ya geto, yaani mtaa ambamo Wayahudi walifungiwa, bastola si jambo la kuamua kwa hasira ya jioni moja.

Na bado walipinga. Hapa ndipo ningetaka mtumie kurasa, msitumie mistari.

Geto la Warsaw lilifungwa kwa ukuta Novemba 1940, na ndani yake zaidi ya watu 400,000 walisongamana. Mwezi huohuo mwanahistoria Emanuel Ringelblum aliwakusanya wenzake kwa siri: walimu, waandishi, marabi, wachumi. Waliita kundi lao Oneg Shabbat, kwa kuwa walikutana siku ya Sabato. Waliandika bei ya mkate, barua za waliofukuzwa makwao, insha za watoto, vichekesho vya mtaani, majina ya waliokufa kwa njaa. Hata tiketi za tramu na karatasi za pipi walizihifadhi. Watu waliofika wakiwa wametoroka kambi za mauaji walihojiwa na maneno yao yakavushwa nje ya Poland. Kuanzia mwaka 1942, watu walipoanza kupelekwa kambi ya mauaji ya Treblinka, nyaraka zilifungwa ndani ya masanduku ya bati na baadaye madebe ya maziwa, zikafukiwa chini ya jengo la shule. Ringelblum aliuawa Machi 1944 pamoja na mkewe na mwanawe. Katika kundi lake walinusurika watu watatu tu, na wawili kati yao, Hersz Wasser na Rachel Auerbach, ndio walioshinikiza udongo uchimbwe. Sehemu ya kwanza ilipatikana Septemba 1946, ya pili Desemba 1950. Ya tatu haijaonekana mpaka leo.

Mwanafunzi wangu atasema hapo: lakini mwalimu, hiyo ni karatasi, mimi naulizia kupigana. Basi na tuje huko. Kati ya Julai na Septemba 1942 Wajerumani waliwachukua watu wapatao 265,000 kutoka geto hilo na kuwapeleka Treblinka. Waliobaki walikuwa wengi wao vijana waliokwisha kupoteza wazazi, na ni muhimu kuliona hilo: kizuizi cha familia kilikuwa kimeondolewa na muuaji mwenyewe. Vijana hao walikuwa na bastola za kuhesabika, mabomu ya kutengeneza kwa mkono, na kiongozi wa miaka 24, Mordechaj Anielewicz. Wajerumani walipoingia tarehe 19 Aprili 1943, mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi, walifyatuliwa risasi wakarudi nyuma. Jenerali Jürgen Stroop ilibidi achome geto nyumba kwa nyumba, na kazi hiyo ilimchukua karibu mwezi mzima. Anielewicz alikufa handakini mtaa wa Miła tarehe 8 Mei. Wachache walitolewa kupitia mifereji ya maji taka chini ya ardhi.

Kuna kambi pia. Treblinka, tarehe 2 Agosti 1943, wafungwa waliiba silaha kwenye ghala, wakachoma majengo, na mamia wakavunja uzio. Waliouona mwisho wa vita ni kama 70. Sobibór, tarehe 14 Oktoba mwaka uleule, mpango uliongozwa na Leon Feldhendler, mtoto wa rabi, na Alexander Pechersky, ofisa Myahudi wa Jeshi Jekundu la Kisovieti. Maofisa wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, waliitwa mmoja mmoja kwenye karakana, huyu kujaribu koti, yule viatu, wakauawa kimyakimya kwa shoka. Wafungwa wapatao 300 walitoka, na takriban 50 walibaki hai hadi vita kwisha. Wanazi walifunga kambi ile na kujaribu kufuta alama zake.

Auschwitz, tarehe 7 Oktoba 1944, wafungwa waliolazimishwa kuchoma maiti waliasi na kuharibu tanuri moja. Baruti waliyokuwa nayo ilitoka kwa wasichana waliofanya kazi katika kiwanda cha silaha, walioitoa kidogokidogo ikiwa imefichwa ndani ya nguo. Wanawake wanne waliohusika na mpango huo walikamatwa: Róża Robota, Ala Gertner, Regina Safirsztajn na Estera Wajcblum. Waliteswa, wakanyongwa mwanzoni mwa Januari 1945, majuma matatu tu kabla ya Jeshi Jekundu kufika. Majina haya manne nayaandika ubaoni kila mwaka, na nawaomba myachape.

Tahadhari moja, kwa kuwa najua vitabu vyetu vinavyopenda mashujaa. Msije mkaondoa aya ya watu waliokufa bila kutenda mkaweka aya ya bunduki peke yake. Mwandishi akifanya hivyo atakuwa amewaambia watoto kwamba mwanamke aliyeingia chumba cha gesi akiwa amemkumbatia mwanawe alipungukiwa na kitu. Daktari Israel Milejkowski na wenzake wa geto la Warsaw, wao wenyewe wakiwa na njaa, walichunguza kitaalamu jinsi njaa inavyoua mwili, na matokeo yao yalichapishwa baada ya vita. Kulikuwa na shule za siri, majiko ya jamii, sala zilizokatazwa. Tuvia Bielski, aliyekuwa na silaha msituni Belarus, alikataa kulifanya kundi lake la wapiganaji tu; alipokea wazee, watoto na wagonjwa, na watu wapatao 1,200 walitoka naye hai. Wale waliosema "tusiende kama kondoo machinjoni" walikuwa wenyewe Wayahudi wa geto la Vilnius, katika tangazo la Abba Kovner mwanzoni mwa 1942, na walilisema kuwaamsha wenzao walio hai. Wengine walikuja kuligeuza tusi kwa waliokufa.

Nije kwenye miaka baada ya 1945, ambayo kitabu changu hakina hata sentensi yake.

Kufunguliwa kwa kambi hakukuwa kwenda nyumbani. Feldhendler wa Sobibór alipigwa risasi akiwa kwake Lublin mwaka 1945, mji ukiwa tayari umeshakombolewa. Tarehe 4 Julai 1946, katika mji wa Kielce, Poland, kundi la watu liliwavamia Wayahudi walionusurika na kuwaua 42. Kufuatia hayo maelfu wakakimbia, na kambi za wakimbizi zilizokuwa Ujerumani, Austria na Italia zikafikia kuwa na Wayahudi wapatao 250,000. Wengine walikaa ndani ya nchi ya waliowaua kwa miaka. Kambi ya Föhrenwald ilifungwa 1957. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua kambi ya wakimbizi, hahitaji kuelezwa foleni ya mgawo wala karatasi za kusubiri nchi ya kukupokea. Ndani ya kambi hizo watu walioana haraka, mara nyingi mjane na mgane waliokutana jana, na watoto wakazaliwa kwa wingi wa kushangaza.

Walifanya pia kazi nyingine ambayo haisemwi sana. Vita vikiwa bado vinaendelea, Agosti 1944, walionusurika walianza Lublin kamati ya kukusanya ushahidi. Walitunga hojaji, ya watoto ikiwa peke yake, wakazunguka wakiandika. Rachel Auerbach, yule aliyedai udongo uchimbwe, alihamia Israel na mwaka 1954 akapewa kuongoza idara ya kupokea ushuhuda katika Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kumbukumbu ya mauaji hayo. Alishiriki kuandaa mashahidi wa kesi ya Eichmann. Ukifuata maisha ya mama huyu mmoja unatoka kwenye debe la maziwa hadi kizimbani.

Wengine walikwenda njia zao. Marek Edelman, mmoja wa makamanda wa uasi wa geto la Warsaw, alitoka kwa mfereji wa maji taka, akabaki Poland, akawa daktari wa moyo mjini Łódź, akajiunga na Solidarność, chama cha wafanyakazi kilichoipinga serikali ya kikomunisti, na kuwekwa kizuizini serikali ilipotangaza utawala wa kijeshi mwaka 1981. Zivia Lubetkin na Yitzhak Zuckerman walianzisha kijiji cha ujamaa nchini Israel mwaka 1949 pamoja na wapiganaji wenzao, chenye jumba la makumbusho la wapiganaji wa mageto. Pechersky aliishi Rostov bila kusifiwa, hadi alipofariki 1990. Stanisław Szmajzner, kijana wa Sobibór aliyehamia Brazil, mwaka 1978 alikutanishwa São Paulo na Gustav Wagner, ofisa wa kambi ile, akamtambua mbele ya polisi. Tuvia Bielski aliishia New York akihangaikia riziki kama mhamiaji yeyote. Kovner, yule wa tangazo la Vilnius, aliongoza kundi lililotaka kulipiza kisasi kwa kuua Wajerumani kwa wingi, na mwaka 1946 wenzake walitia sumu kwenye mikate ya wafungwa wa Kijerumani karibu na Nuremberg, wengi waliugua. Baadaye akawa mshairi anayeheshimiwa. Liandikeni na hilo. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kabisa kuelewa kwamba mtu aliyetendewa unyama hatoki humo akiwa malaika.

Nimemweka mwisho Vladka Meed kwa makusudi. Akiwa msichana wa miaka ishirini na kitu alijifanya Mpolandi Mkristo nje ya ukuta wa Warsaw, akapitisha silaha na kutafutia watoto maficho. Alifika New York mwaka 1946. Na katika miaka ya 1980 alianzisha mafunzo ya kila kiangazi kwa walimu wa shule za Marekani, akiwapeleka Poland na Israel wajifunze namna ya kufundisha maangamizi na namna ya kufundisha upinzani. Aliona mapema kwamba mwalimu asipofundwa, kitabu hakisaidii.

Wapo watakaoniuliza: yote haya yanatuhusu nini sisi? Nchi zetu zilikuwa makoloni na huko ni Ulaya. Jibu liko kilomita chache kutoka darasani kwangu. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland aliyekimbia vita na kupoteza ndugu zaidi ya arobaini, ndiye aliyezunguka korido za Umoja wa Mataifa, mara nyingi hana hata nauli, hadi Mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari ukapitishwa tarehe 9 Desemba 1948. Kwa takriban nusu karne hakuna mahakama ya kimataifa iliyomtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Wa kwanza ni Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, na hukumu ilisomwa tarehe 2 Septemba 1998. Ilisomwa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda.

Arusha hiyohiyo, Mei 1999, walihukumiwa Clément Kayishema na Obed Ruzindana kwa mauaji yakiwemo ya Bisesero, milima ya magharibi mwa Rwanda. Na Bisesero watu walipinga. Watutsi wa milima ile, wafugaji wenye mawe, mikuki na marungu, wakiongozwa na mzee Birara, walizuia mashambulizi tangu Aprili 1994 hadi shambulio kubwa la tarehe 13 Mei, na waliosalia wakaendelea hadi mwisho wa Juni. Waliuawa kwa makumi ya maelfu, wakabaki kiasi cha elfu moja. Nimewahi kumsikia mtu mzima akisema "wale wa Rwanda walijiachia tu wakakatwa". Ndilo swali la mwanafunzi wangu tena, limehamia kwa jirani yetu. Nyaraka za mahakama ile zimehifadhiwa hapa Arusha, na wanafunzi wa Arusha wanapita barabarani kwenda sokoni bila kujua zilipo.

Wapo pia watakaosema kumfundisha mtoto habari hizi ni kuchukua upande katika mzozo wa Israel na Palestina. Wanafunzi wangu wanaleta Gaza darasani, na siwazuii. Ila kuyaficha ya mwaka 1943 hakumsaidii Mpalestina yeyote. Edelman mwenyewe hakuwahi kukubaliana na siasa za Kizayuni, zile za kuwaundia Wayahudi taifa lao Palestina, na mwaka 2002 aliandika barua ya wazi kwa viongozi wa wapiganaji wa Kipalestina akiwataka waache kulenga raia, akiwaandikia kama mpiganaji kwa mpiganaji. Waisraeli wengi walichukizwa na mtindo huo. Walionusurika hawakuwa na sauti moja. Wekeni na hilo kwenye mwongozo wa mwalimu, litamwokoa siku somo litakapochemka.

Kuhusu nafasi, maana najua mtaniambia muhtasari umejaa: punguzeni orodha ya mikataba ya miaka ya 1930 ambayo watoto wanaikariri na kuisahau siku ya pili ya mtihani. Vipindi vinne vinatosha. Kimoja Warsaw, karatasi na bastola pamoja. Kimoja kambi. Kimoja maisha ya baadaye, mwanafunzi afuate mtu mmoja tangu 1943 hadi uzeeni. Cha nne Arusha na Bisesero, na kwa shule zilizo karibu kifanyike nje ya darasa. Vyanzo viandikwe kwa Kiswahili; ushuhuda wa Beisky ni kurasa chache, mtafsiri mzuri hamalizi wiki. Na kwenye mtihani, badala ya "Taja sababu nne za Hitler kuwachukia Wayahudi", mpeni mtahiniwa kipande cha ushuhuda mumwulize shahidi anaeleza nini kuhusu uwezekano wa kutoroka.

Walimu tuko tayari kukaa nanyi kuandaa mwongozo huo, hata wakati wa likizo, ilimradi mtuite mapema kabla toleo jipya halijaenda kiwandani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia,
Shule ya sekondari ya kata, Arusha